Picha ya Baba Akiwa Amesimama

Mdogo wangu mtaa mzima unamwita Fagio, na jina hilo kajitafutia mwenyewe. Ukimpa picha yako ya harusi aitengeneze, ataondoa waya wa umeme uliopita juu ya kichwa chako, atafuta chupa tupu iliyosahauliwa mezani, na ukimwachia nafasi atamfuta na shemeji yako aliyesimama vibaya. Hawezi kuona kitu kisichohusika kimekaa ndani ya picha bila mikono kumwasha. Chumbani kwake sasa, huwezi kupita bila kuruka viatu, vikombe na mashati. Nimemwambia mara nyingi ahamishie ufagio wake huko. Ananijibu kwamba chumba hakina fremu.

Tuna studio ya picha mimi naye, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele nipo mimi na kaunta yangu, kiti cha wateja, na kitambaa cheupe cha picha za pasipoti. Nyuma ya pazia yupo yeye na kompyuta na printa. Pasipoti ndizo zinazotulisha, na yeye huzipiga kama mtu anayemeza dawa chungu. Roho yake iko pwani, kwenye picha za bahari zisizo na rangi: mawe meusi, maji meupe, mawingu ya kijivu katikati. Nilimuuliza rangi zimemkosea nini. Akasema rangi zina kelele, mtu akiziona anadhani ameshaiona picha.

Niwaeleze picha hizo zinavyopigwa, maana yote yaliyotupata yanatoka hapo. Anafika ufukoni alfajiri maji yakiwa yamepwa. Anasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, anaisogeza, anairudisha ilipokuwa, anachuchumaa, anaondoka kwa hasira, anarudi, anaitazama pwani akiwa amefumba macho nusu ili abaki kuona mafungu ya giza na nuru tu. Akisharidhika na jinsi vitu vilivyojipanga, anaiziba lenzi kwa kioo cheusi kama cha mchomelea vyuma, halafu anaiacha kamera wazi muda mrefu. Mawimbi yanakuja na kurudi mpaka yanafutana yenyewe kwa yenyewe, na bahari inatoka laini kama maziwa yaliyomwagika sakafuni. Kilichotulia kinatoka wazi. Kinachotembea hakitokei, au kinaacha alama hafifu kama moshi. Wakati wote huo Fagio amekumbatia miguu ya kamera upepo usije ukaitikisa, kainamisha kichwa, kafumba macho, anahesabu. Hesabu ikiisha anapaza sauti, "Imekubali." Kisha anajifunika kitambaa kichwani aone vizuri kioo cha nyuma ya kamera, anakunja uso, anasema, "Tunarudia."

Aliyekuwa akiambiwa hiyo "tunarudia" ni Baba.

Baba alikuwa msoma mita za maji. Maisha yake yote ya kazi alitembea nyumba hadi nyumba, akijua kila mbwa na kila geti linalokwama. Kustaafu hakukumtuliza hata kidogo. Marehemu Mama alikuwa akisema huyu bwana amekalia siafu. Kula alikula amesimama, redio aliisikiliza akizunguka meza. Wakati wa harusi, watu wakipangwa kwa ajili ya picha, Baba amekwenda kutafuta kiti cha bibi fulani, na kiti kikifika picha imeshapigwa. Penye miti hapana wajenzi. Tulikuwa na studio, lakini picha ya Baba tuliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho, kichwa na mabega basi.

Baada ya Mama kutuacha akaanza kumfuata Fagio pwani. Alimbebea mkoba wa lenzi, na kamera ikishasimama yeye akashika njia ya ufuko, kwenda na kurudi, mara nyingine akikatiza mbele ya lenzi kabisa. Fagio hakujali. Mtu anayetembea hamharibii picha.

Nakumbuka asubuhi moja nyumbani, Fagio akiangalia picha kwenye kompyuta ndogo huku chai yake ikipoa, Baba akainama juu ya bega lake.

"Hapo si ndipo nilipopita?"

"Ndipo."

"Mbona simo?"

"Baba, wewe hutulii. Kamera hii inawataka wanaotulia."

Baba akazunguka meza mara moja, akarudi.

"Mtu atulie mpaka lini?"

"Mpaka umesikia nimesema imekubali," Fagio akajibu, akili yake ikiwa kwenye wingu lililomkera. Mimi nilikuwa napaka siagi mkate. Nilicheka nikasema labda wamfunge kamba kwenye mwamba. Baba hakucheka. Alichukua mkate wake akatoka nao nje.

Picha kubwa ya Fagio, ile iliyomletea sifa kidogo, ni ya gati la zamani. Gati lenyewe lilishabomoka, yakabaki magogo yaliyokuwa yakilibeba, yamesimama majini kwa safu, yamevaa kome. Upande wa kulia yanaingia baharini moja nyuma ya jingine mpaka yanapotelea kwenye ukungu. Upande wa kushoto ni weupe mtupu. Aliihariri picha hiyo mpaka nikaichukia. Anatia giza kwenye magogo, anatoa. Anaongeza nuru kwenye ukungu, anapunguza. Anakata kipande cha anga, anakirudisha. Aliitoa kwenye karatasi, akaipindua juu chini kwenye kaunta yangu, eti ikipinduliwa ndipo mtu anaona upande gani ni mzito. Wateja wangu aliwatesa kwa swali moja: "Jicho lako limeanzia wapi?" Bwana mmoja aliyekuja kupiga pasipoti alimwambia, "Limeanzia kwenye saa yako ya ukutani, ndugu yangu, nina haraka."

Hatimaye ilitundikwa juu ya kaunta. Baba alikuja kuiona. Aliitazama kwa muda, jambo ambalo si kawaida yake, mikono ameiweka nyuma.

"Hii ndiyo ya siku ile ya gati?"

"Ndiyo hiyo," Fagio akasema. "Ule utupu wa kushoto unauona? Huo ndio picha yenyewe."

"Nzuri," Baba akasema. "Safi." Akaaga akaenda zake, na mimi nikadhani kachoshwa na kusimama.

Halafu kiharusi kikamkuta, barabarani, njiani kwenda popote alipokuwa anakwenda. Kilimchukua upande wa kulia, mkono na mguu, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kama mtu anayeokota punje. Hospitali ilimtunza, ikaturudishia. Tukamweka kwenye kiti cha mikono karibu na dirisha la sebuleni, linalotazama ukuta wa jirani. Mguu wa kulia ulilala. Wa kushoto haukulala. Kutwa ulikuwa ukigonga sakafu, taratibu, bila kukoma, mpaka ukiwa jikoni unausikia, na ukiwa kazini bado unausikia kichwani.

Dada wa mazoezi ya viungo alikuwa akija kutoka hospitali, mwanamke mwenye mikono ya nguvu na sauti ya upole. Alimwambia Baba kwamba mguu unaweza kuamka ukisumbuliwa. Alimshika kwapani, akamnyanyua, na Baba akawa analegea kama gunia lisilofungwa mdomo, anarudi kitini. Mwanzoni ilikuwa udhaifu. Baadaye ikawa kukataa. Mtu aliyeshindwa kukaa maisha yake yote alikuwa sasa anakataa kusimama, na mimi nilikasirika, nasema kweli. Nilimfokea Baba yangu mgonjwa.

"Baba, unataka tufanye nini?"

Akanitazama. Mguu ukanyamaza.

"Nimesahau," akasema. "Kusimama... kukoje. Nionyesheni."

"Nikuonyeshe mimi nikiwa nimesimama?"

"Mimi," akasema. "Nikiwa nimesimama."

Dada wa mazoezi akafurahi. "Mleteeni picha, basi. Mzee ajione. Tuibandike hapa mbele yake, tuanzie hapo." Akageuka kwangu. "Ninyi mna studio, hamwezi kukosa."

Nilitamani ardhi ipasuke. Fagio alikuwa mlangoni. Nilimwona akitoka nje bila viatu.

Kesho yake tuligeuza kibao cha studio kikasema TUMEFUNGA. Hapo inafaa niseme kwamba mimi na Fagio tuna ugomvi wa zamani. Yeye hutupa. Picha asiyoitaka anaifuta papo hapo, na anayoitaka anaihariri juu ya ileile ya kwanza, asitazame nyuma. Mimi hutunza. Tangu siku tulipopoteza picha za bibi harusi mmoja, na mama yake akaja kulia kwenye kaunta yangu, kila kadi inayotoka kwenye kamera inapita kwangu kwanza. Naimwaga yote kwenye diski yangu ya akiba kabla ya yeye kuigusa. Alikuwa akinitania, "Dada anahifadhi takataka." Siku hiyo alikuja mwenyewe, mpole, akaomba takataka.

Tulikaa nyuma ya pazia. Niseme nilikaa, yeye hakukaa. Alisimama, akaegemea, akavuta kiti, akakisukuma. Picha zilipita kwenye kioo, pwani ileile, asubuhi baada ya asubuhi. Hazikuwa zimefagiwa bado. Zilikuwa na mifuko ya plastiki, mbwa aliyelala, ndoo ya mtu. Baba hakuwemo. Palikuwa na moshi. Mstari hafifu juu ya mchanga, kivuli kisicho na mwenyewe, kitu kama pumzi mbele ya mwamba. Fagio akawa anagusa kioo kwa kidole.

"Huyu ni yeye. Na hapa. Anakwenda. Hapa anarudi."

"Hatuwezi kumpelekea moshi," nikasema.

"Najua."

"Basi endelea."

"Hii anga ningeitia giza kidogo," akasema, na nilipomtazama alikuwa ameshaanza, mkono umeshapeleka kipanya kwenye anga. Nikampiga kofi mkononi. Nje mteja akagonga, akasoma kibao kwa sauti, akagonga tena. Hakuna aliyemjibu. Fagio alikuwa na jasho kama amebeba mizigo. Alisema tuache, tutafute kwa ndugu, labda kuna mtu alimpiga kwa simu. Nikamwambia ndugu tumeshawapigia, na kila mmoja ana picha ya kiti alicholetewa na Baba.

Tukafika kwenye siku ya gati. Fagio alitaka kuiruka. "Hii naijua kila nukta," akasema.

Mimi pia naijua, kwa sababu ya kuifuta vumbi kila asubuhi. Magogo yako kulia. Kushoto hakuna kitu. Lakini iliyokuwa mbele yangu, ile ya kwanza isiyoguswa, kushoto ilikuwa na visiki viwili vitatu vilivyooza, vimelala, na gogo moja lililosimama wima, mbali, miguuni mwake maji.

"Hili la kushoto mbona ukutani halipo?"

"Nililitoa. Nilivitoa vyote upande ule. Vilikuwa vinavuta jicho."

"Lilete karibu."

"Dada, ni gogo."

"Lilete karibu."

Akalikuza. Gogo lilikuwa na kofia. Kofia ya kazi ya msoma mita, ya ukingo mpana, ile aliyokataa kuirudisha ofisini alipostaafu. Chini ya kofia kuna uso umetugeukia, si uso wa kuonekana vizuri, lakini uso. Mikono imenyooka pembeni, vidole vimebanwa, kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kila kitu kilichokuwa kikitikisika asubuhi ile kilikuwa kimegeuka maziwa, na Baba alikuwa wazi.

Fagio alikaa, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akabonyeza picha iliyofuata, maana siku ile, kama siku zote, alikuwa amesema tunarudia. Baba alikuwa bado amesimama palepale. Inayofuata, palepale, kofia imeinama kidogo. Inayofuata tena, palepale, goti moja limekunjika. Kwenye ya mwisho palikuwa na moshi, unaelekea nchi kavu.

Niliikumbuka asubuhi ya chai na mkate, swali lake na kicheko changu. Nikakumbuka alivyosimama mbele ya kaunta, mikono nyuma, akiutazama ule weupe wa kushoto. Safi, alisema. Nikashika meza.

Fagio alirudi kwenye ile ya kwanza. Alifuta macho kwa mkono wa shati. Akaitazama, akakunja uso.

"Upeo wa bahari umelala upande kidogo," akasema kwa sauti iliyokauka, na mkono ukatafuta kipanya. "Nikiunyoosha tu—"

"Ukiigusa nitakuvunja vidole."

Akaondoa mkono, akaukalia. Nami nikaipeleka picha kwenye printa vilevile ilivyo, upeo umelala, visiki vyake, mfuko wa plastiki wake, kwenye karatasi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo.

Tuliifikisha nyumbani, tukamkuta dada wa mazoezi amekuja. Fagio alimwekea Baba mapajani, akachuchumaa mbele ya kiti. Mguu wa kushoto ulikuwa ukigonga. Baba aliitafuta picha kwa macho, kuanzia kulia, gogo baada ya gogo, kisha akavuka weupe, akafika kushoto. Mguu ukakoma. Aliinua mkono wake mzima akakiweka kidole chini ya yule mtu mwenye kofia.

"Kumbe," akasema. "Kumbe nilitokea."

"Ulitokea, Baba," Fagio akasema.

"Nilidhani... sikutulia vya kutosha."

Fagio angeweza kunyamaza hapo, na mimi nilimwombea anyamaze. Lakini mdogo wangu hawezi kuacha kitu mahali kilipo.

"Ulitulia. Mimi ndiye niliyekufuta. Nilidhani ni gogo."

Baba alimgeukia mwanawe. Upande mmoja wa mdomo wake, ule unaofanya kazi, ukapanda, na sauti ikatoka ambayo hatukuwa tumeisikia tangu augue. Alikuwa anacheka.

"Gogo halichoki," akasema. "Mimi nilichoka."

Fagio akalaza kichwa chake kwenye goti lililolala, lisilohisi kitu. Akakaa hivyo. Baba akamgonga kichwani kwa vidole, si kwa kumbembeleza, ni kama mtu anayegonga geti.

"Inuka," akasema. "Uniinue."

Dada wa mazoezi alimshika kwapani kulia, mimi kushoto, na Fagio mbele, amemshika viganja vyote viwili. Picha tulikuwa tumeiegemeza kwenye redio. Tukanyanyua. Nilisikia uzito wake ukitujia, ule uzito wa gunia, halafu nikasikia sehemu yake ikituondokea na kushuka chini kwenye miguu. Mguu wa kulia ulitetemeka kama kamba ya nguo. Fagio akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, kwa mwendo uleule wa pwani. Ila macho yake yalikuwa wazi, hayakumwacha Baba hata kidogo.

Hesabu haikufika mbali. Goti lilikunjika, tukamrudisha kitini taratibu, sote tukihema. Dada wa mazoezi alisema kwa leo inatosha, mzee ameshachoka.

Baba alinyoosha kofia ambayo hakuwa ameivaa. Akamtazama Fagio.

"Tunarudia," akasema.